Wodi ya zahanati yetu ilikubaliwa kikaoni mwezi wa Mei lakini haimo kwenye bajeti: uamuzi hufanyika wapi?

Mwalimu wa Kijijini

Ndugu zangu, naomba msaada wa wanaozielewa bajeti za kaunti hapa Kenya kwa undani, kwa sababu jambo lililotupata limenitia uchungu na sitaki kulizungumza kwa hasira kabla ya kujua sheria inasema nini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na pia katibu wa kamati ya zahanati ya kijiji chetu. Mwaka 2021 kaunti ilianza kujenga wodi ya akina mama kujifungulia kando ya zahanati hiyo. Kuta zilipanda hadi kwenye linta, yaani boriti iliyo juu ya milango na madirisha, mafundi wakaondoka, na tangu siku hiyo hakuna jiwe lililoongezwa. Ndani ya chumba kilichokusudiwa kupokea watoto wachanga mmeota magugu yanayofika kifuani, na vyuma vilivyoachwa vimechomoza juu ya linta vimeshika kutu, ukivigusa vinakuachia unga mwekundu mkononi. Mama akishikwa na uchungu usiku hubebwa kwa bodaboda kilomita 19 hadi hospitali ya kaunti ndogo, na mvua ikinyesha njia hiyo haipitiki.

Mwezi wa Mei tuliitwa kutoa maoni kuhusu makadirio ya bajeti ya mwaka wa fedha wa 2025/26. Tulikwenda watu zaidi ya 60 na tukazungumza kwa sauti moja: tunaomba shilingi milioni 4 za kuezeka na kumalizia wodi. Afisa aliyeongoza kikao aliliandika ombi letu, akatusomea tena ili tulithibitishe, na mwakilishi wa wadi akasimama akatuambia tuchukulie kwamba jambo hilo limekwisha. Wiki iliyopita nilipata kitabu cha bajeti iliyoidhinishwa, nikakipekua ukurasa kwa ukurasa hadi usiku wa manane. Wodi yetu haimo. Kilichotengewa wadi yetu ni taa ya mulika mwizi, ile ndefu ya kuangaza usiku, sokoni, ambayo sikumsikia mtu hata mmoja akiiomba.

Je, ni halali kwa kaunti kuwauliza wananchi, kuandika jibu lao, kisha kutenda jingine bila kuwaeleza? Na kama uamuzi haufanyiki katika kikao kile, unafanyika wapi na lini, ili safari hii tufike mahali panapostahili kabla mlango haujafungwa?

Mpangaji Mstaafu

Mwalimu, pole sana. Nilifanya kazi katika idara ya mipango ya kaunti moja kwa miaka tisa kabla ya kustaafu, na nitakueleza jambo hili kama lilivyo, kwa sababu nimekaa nyuma ya meza kama ile ya afisa wenu. Kuna miaka niliyoandika maombi ya wananchi mwezi wa Mei huku nikijua kwamba mengi yao hayana tena mahali pa kuingia, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Bajeti ya kaunti haianzi Mei. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe Mpango wa Maendeleo wa Mwaka katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, yaani miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha unaohusika kuanza. Huo ndio unaotaja miradi, mahali itakapojengwa na gharama inayokadiriwa, nao unapaswa kutokana na Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano, ambao kwa sasa ni ule wa 2023 hadi 2027. Kufikia Februari 28 hufuata Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaogawa fedha kwa idara: afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki, maji kiasi hiki. Bunge la kaunti lina siku 14 za kuujadili na kuupitisha, na wananchi wachache sana hupata hata habari kwamba waraka huo upo. Makadirio yenyewe, hayo mliyoitiwa, hupelekwa bungeni kufikia Aprili 30, wakati mipaka ya kila idara imekwisha kuwekwa.

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kanuni ya 37 ya kanuni za fedha za serikali za kaunti za mwaka 2015 inasema kwamba bunge likiyabadilisha makadirio, nyongeza au upunguzaji katika fungu la idara yoyote usizidi asilimia 1 ya kiwango kilichowekewa fungu hilo. Chukua mfano wa idara ya afya iliyowekewa shilingi milioni 600. Asilimia 1 yake ni milioni 6. Hizo ndizo fedha ambazo bunge linaweza kuiongezea idara nzima, kwa wadi zote za kaunti, baada ya vikao vyote vya wananchi kwisha, na hata hizo ni lazima zipunguzwe kutoka fungu jingine. Ninyi peke yenu mliomba milioni 4. Hata kama afisa yule na mwakilishi wenu walikuwa na nia njema kabisa, ombi lenu lilikuwa likigombea nafasi nyembamba mno na maombi ya wadi nyingine zote.

Inabaki njia ya kuhamisha fedha ndani ya idara yenyewe, kutoka mradi mmoja wa afya hadi mwingine. Hilo linawezekana, lakini kila mradi unaoondolewa una wadi yake na mwakilishi wake, naye hataketi kimya. Ndiyo maana nasita kuamini kwamba taa ya sokoni ilikula fedha za wodi yenu. Taa za masoko kwa kawaida hukaa katika fungu la biashara au la miundombinu, na huenda yenu ilikuwa imekwisha kuandikwa katika mpango wa Septemba mwaka jana. Najua hilo halipunguzi uchungu, ila linabadilisha mahali pa kupigania.

Leo tuko katikati ya Agosti. Mpango wa mwaka wa 2026/27 unaandikwa sasa hivi, na zimebaki wiki mbili hivi kabla haujafika bungeni. Usisubiri kuitwa. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti, uombe kuonyeshwa kama wodi yenu imo katika Mpango Jumuishi, na ikiwa imo unakili ukurasa na maneno yenyewe, kwa sababu afisa anayeandika mpango wa mwaka huuliza kwanza mradi unatoka wapi.

Mwanakandarasi Mdogo

Mzee Mpangaji amesema kweli kuhusu kalenda. Mimi nitaongeza upande ambao hauonekani kwenye kalenda.

Jengo likisimama kwenye linta kwa miaka minne, swali la kwanza si nani alilikataa bungeni. Swali la kwanza ni kama aliyelijenga alilipwa. Mimi niliwahi kujenga madarasa mawili ya chekechea kwa kaunti ambayo sitaitaja. Mawe nilichukua kwa mkopo, saruji nilichukua kwa mkopo, na mhandisi akaja, akapima, akatia sahihi cheti cha malipo mwezi wa Machi. Mwaka wa fedha ulikwisha Juni 30 bila malipo, wa pili ukapita vilevile, nami nikauza lori ili niwalipe mafundi na mwenye machimbo ya mawe, kwa sababu wao ni jirani zangu na watoto wao wanasoma na wangu. Nilisimamisha kazi kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kuuza. Watu wa kijiji kile hadi leo wanaamini nilitoroka na pesa zao.

Kaunti hutegemea zaidi mgao kutoka serikali ya kitaifa, ambao Katiba inasema usipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa. Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti 47 zilitengewa shilingi bilioni 415. Fedha hizo zikichelewa, mishahara hulipwa kwanza, kisha mambo ya ofisi, na miradi husubiri. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo, lakini kutenga si kutumia, na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kaunti nyingi hazifikii kiwango hicho katika matumizi halisi. Huku madeni ya wanakandarasi yakilimbikizana, miradi mipya inaendelea kuzinduliwa. Jambo hilo linaniumiza kuliko ninavyoweza kueleza.

Kwa hiyo, Mwalimu, ulizia kandarasi ya 2021. Je, ilifungwa rasmi au bado iko wazi? Je, kuna cheti ambacho hakijalipwa? Kama kandarasi ya zamani iko wazi, kuweka milioni 4 mpya juu yake bila kuifunga kutaleta mgogoro, na jengo litasimama mara ya pili.

Karani wa Zamani

Nilikuwa karani wa kamati katika bunge la kaunti, na ningependa kutofautiana kidogo na Mzee Mpangaji, kwa heshima. Anayoyasema kuhusu kanuni ya 37 ni sahihi. Hata hivyo, tukiwaambia wananchi kwamba kikao cha Mei hakina uzito, tutakuwa tumewasaidia wale wanaotaka kukifanya kiwe desturi tupu.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinaweka ushirikishwaji wa umma kuwa msingi wa fedha za umma, na kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kuwezesha ushiriki wa wananchi katika shughuli zake. Mahakama imelichukulia jambo hili kwa uzito. Mwezi wa Aprili 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ni kweli kwamba ushirikishwaji hauna maana ya kila ombi kukubaliwa, na sikushauri ukimbilie mahakamani, kwa kuwa kesi haiezeki wodi. Lakini kamati ya bunge inayopitia makadirio inatakiwa na sheria kuzingatia maoni ya umma inapoandika mapendekezo yake. Mwalimu, iombe ripoti ya kamati hiyo. Humo ndimo inapopasa kuonekana kwamba wadi yenu iliomba nini na kamati ilisema nini. Kama ombi la watu 60 halimo hata kwa mstari mmoja, basi una hoja ambayo mwenyekiti wa kamati hawezi kuikwepa.

Ukinyimwa ripoti, tumia Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, nalisisitiza hilo kwa sababu nimewaona wazee wakirudi nyumbani wakidhani barua yao haitasomwa. Asiyejua kuandika anaweza kulieleza ombi kwa mdomo na afisa akaliandika. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na isipojibu au ikikataa, unaweza kuomba Tume ya Haki ya Utawala ilipitie suala lako.

Jambo la mwisho ni kuhusu ahadi ya mwakilishi wa wadi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza mwakilishi kujihusisha na kazi za utendaji za serikali ya kaunti. Kazi yake ni kuwakilisha, kutunga sheria na kusimamia. Hawezi kutoa mradi, na aliposema mchukulie kwamba jambo limekwisha aliahidi kitu kisicho mkononi mwake. Mnachoweza kumdai ni jinsi alivyozungumza na alivyopiga kura wakati waraka wa Februari ulipojadiliwa, maana hayo yamo katika kumbukumbu rasmi za bunge na kila mwananchi ana haki ya kuzisoma.

Mwanakamati, Makueni

Sina mengi. Huku kwetu Makueni mikutano ya maoni huanzia vijijini, kisha wanaochaguliwa huyapeleka maoni ngazi ya juu hadi wadi na kaunti, na kila mradi huwa na kamati ya wananchi wa mahali hapo. Nimo katika kamati ya kisima. Mwanakandarasi alipoleta bomba jembamba kuliko lililoandikwa kwenye orodha ya vifaa, tulilipima kwa futi mbele yake tukakataa kutia sahihi, naye alijua kwamba bila sahihi ya kamati hatalipwa. Alilibadilisha.

Nataja hili kwa sababu Mwalimu anapigania fedha zirudi kwenye bajeti, na fedha zitakaporudi atahitaji watu wa kuzilinda. Ichagueni kamati hiyo sasa, iwe na akina mama wa kutosha, na iombeni kaunti nakala ya orodha ya kazi na gharama kabla fundi hajafika.

Mwalimu wa Kijijini

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimefanya mliyoniambia, na sikutarajia niliyoyakuta.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mipango. Wodi yetu imo katika Mpango Jumuishi wa 2023 hadi 2027, katika jedwali la miradi inayoendelea, lakini imeandikwa kwa jina la mtaa wa jirani, kiasi kwamba hata afisa kijana aliyenisaidia aliipita mara mbili. Alikubali kwamba kosa hilo lirekebishwe na akanitaka niandike barua, nikaiandika papo hapo. Kutoka hapo nilikwenda idara ya afya. Mwanakandarasi Mdogo, ulisema kweli tupu. Kandarasi ya 2021 haijafungwa, na cheti cha mwisho cha shilingi milioni 1.3 kimo katika orodha ya madeni ambayo hayajalipwa. Aliyejenga ni mtu wa tarafa ya pili. Nimemtafuta kwa simu na tumezungumza kwa muda mrefu, na nimemwomba radhi kwa maneno niliyokuwa nikiyasema juu yake kwa miaka minne.

Barua ya kuomba ripoti ya kamati ya bunge nimeiandika kwa Kiswahili, nakala yangu imepigwa muhuri wa kupokelewa, na siku 21 nimezihesabu kwenye kalenda ya ukutani.

Nina swali moja lililobaki. Afisa mmoja aliniambia nisihangaike na mpango wa Septemba, kwa kuwa bajeti ya ziada ikija mwezi wa Januari wodi itachomekwa humo. Je, niamini?

Mpangaji Mstaafu

Mwalimu, usiiache njia ya Septemba kwa ajili ya ahadi hiyo. Bajeti ya ziada ipo kisheria, lakini imekusudiwa mahitaji ambayo hayakutosheka au hayakuonekana mapema, na matumizi ya namna hiyo hayapaswi kuzidi asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa kwa mwaka huo isipokuwa bunge limekubali kiwango cha juu zaidi. Kwa niliyoyaona, bajeti ya ziada huondoa fedha za miradi mara nyingi kuliko inavyoziongeza, kwa sababu mapato ya ndani yakipungua chini ya makadirio, miradi ndiyo hupunguzwa kwanza. Ichukulie kama nyongeza ikija, usiitegemee.

Kinachoweza kufanyika ndani ya mwaka huu ni kulipwa kwa kile cheti cha milioni 1.3, kwa kuwa kaunti hutenga fedha za kulipia madeni, na deni hilo limekwisha kuorodheshwa. Mshirikiane na yule mwanakandarasi mwandike kwa waziri wa fedha wa kaunti, yeye akidai malipo yake na ninyi mkithibitisha kwamba kazi iliyopimwa ipo na mnaiona kila siku. Akishalipwa, kandarasi inaweza kufungwa au kuendelezwa, na hapo idara ya afya itaweza kutaja wodi yenu katika waraka wa Februari kama mradi wa kumalizia wenye gharama inayojulikana.

Gharama hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi sasa. Milioni 4 mliipata wapi? Kama ni hesabu ya zamani, mwombeni mhandisi wa kaunti aje kabla ya mwisho wa mwezi huu, na aanze na vile vyuma vya juu ya linta. Vikihitaji kukatwa na kufungwa upya, kiasi hicho hakitatosha, na ni heri kiasi sahihi kiandikwe katika mpango tangu mwanzo kuliko kurudi tena Mei kuomba kilichopungua.